Nukta Tatu Katika Mstari Mmoja

 Msikilizaji, kama uko jikoni, endelea na kazi yako, ila weka karatasi na kalamu karibu. Nitakuomba uchore kitu kidogo.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, alinijia ofisini kijana mmoja anayesomea uzamivu. Mkononi alikuwa na rundo la karatasi lililobanwa kwa klipu kubwa nyeusi. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, kaa." Akalitua rundo lile mezani kama mtu anayetua ndoo ya maji. Kurasa 214.

"Mwalimu," akasema, "kuna mkutano wa kimataifa wa fani yetu. Nataka niwatumie tasnifu yangu."

"Yote?"

"Yote."

Sikucheka, maana na mimi niliwahi kuwa na wazo kama hilo. Nikamwambia arudi Alhamisi, na aje na jibu la swali moja: katika kurasa hizi 214, ni jambo gani moja ambalo dunia ilikuwa hailijui kabla yako?

Fani yenyewe ni jiometri ya kikompyuta. Ni ile jiometri uliyoisoma shuleni kwa rula na bikari, ya nukta, mistari na pembetatu, ila sasa rula ameshika kompyuta, na nukta hazihesabiki kwa vidole. Chukua mfano wa minara ya simu. Una ramani yenye minara milioni moja, na umeambiwa utafute miwili iliyokaribiana kuliko yote. Njia inayomjia mtu haraka ni kupima kila mnara na kila mwenzake. Fanya hesabu: vipimo karibu bilioni 500. Mwaka 1975 Michael Shamos na Dan Hoey walionyesha kwamba huhitaji kuhangaika hivyo. Ukizigawa nukta mafungu mawili, na kila fungu ukaligawa tena, na tena, kisha ukaunganisha majibu kwa uangalifu, hesabu inateremka kutoka mabilioni hadi makumi ya mamilioni. Tofauti ya hizo mbili ni sawa na tofauti ya kusubiri sekunde chache na kusubiri mpaka ukakata tamaa.

Shamos wakati huo alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Sasa tazama miaka inavyofuatana. Makala zake za kwanza, 1975. Tasnifu yake, iliyobeba jina la fani yenyewe, 1978. Kitabu alichoandika na Franco Preparata, ambacho wengi wetu tulifundishiwa, 1985. Na mwaka huohuo wa 1985, mwezi wa Juni, mkutano mkuu wa kwanza wa kila mwaka wa fani hii ukafanyika mjini Baltimore. Makala kwanza, tasnifu baadaye, kitabu mwisho. Vipande vilitangulia kwenda kwa watu, watu wakavipima, ndipo vikaungwa kuwa kitu kizima.

Kwetu tumeupindua mpangilio huo. Mwanafunzi anajifungia miaka minne, mitano. Anaandika sura baada ya sura, na msomaji wake ni msimamizi mmoja mwenye wanafunzi wengine kumi na vipindi vya kufundisha. Tasnifu inatetewa, inajaladiwa kwa gamba gumu lenye herufi za dhahabu, nakala moja inakwenda maktaba na nyingine kwa mama mzazi. Mama anaiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Ukimuuliza kijana kuhusu makala, anakujibu, "Nitazitoa nikipata nafasi." Nafasi hiyo, wewe na mimi tunajua, haiji.

Siku hizi vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinamtaka mwanafunzi wa uzamivu awe na makala iliyochapishwa kabla ya kuhitimu. Ni jambo jema. Lakini sharti likitimizwa mwishoni kwa kukimbizana, makala inakuwa risiti tu ya kuonyesha ofisini. Mimi nazungumzia faida nyingine, ambayo haimo kwenye fomu yoyote.

Alhamisi kijana akarudi. Nikamuuliza, "Sura ya kwanza inasema nini?"

"Historia ya jiometri tangu Euclid."

"Iache."

"Sura ya pili ni mapitio ya maandiko."

"Ibakize aya mbili."

"Sura ya tatu ni misingi ya nadharia ya grafu."

"Wale unaowatumia ndio wanaoifundisha. Iache."

Uso ukamwanguka. Nilimwelewa. Ukimwambia mtu aache sura aliyoiandika kwa miezi minane ni kama kumwambia aache mtoto mmoja kituo cha basi. Lakini mkutano mkuu wa fani hii, kwa miaka ya karibuni, unakupa mistari 500. Sikusema kurasa, nimesema mistari. Kiolezo cha kuandikia chenyewe kinachapa namba pembeni mwa ukurasa, na ikifika 500 umemaliza. Ukurasa wa mbele na orodha ya marejeo havihesabiwi. Uthibitisho usioenea unaweza kuuweka kwenye kiambatisho, lakini mhakiki halazimiki kukifungua. Kama uhai wa kazi yako uko kwenye kiambatisho, umejizika mwenyewe.

Tukapekua pamoja mpaka ukurasa wa 131. Hapo kulikuwa na kitu. Ili ukione, msikilizaji, sasa chukua ile karatasi.

Chora chumba cha ajabu. Kuta zake zote zimenyooka, lakini zinaingia na kutoka kama ukingo wa mkeka uliotafunwa na panya. Hesabu kona zake. Tuseme ni 12. Chumba hiki ni cha makumbusho, kimejaa vitu vya thamani. Unataka kuweka walinzi. Hawatembei, wamesimama tu, ila kila mmoja anaweza kugeuka na kutazama pande zote. Je, walinzi wangapi watatosha ili pasibaki hata shubiri moja isiyoonekana?

Swali hilo lilitoka kwa Victor Klee mwaka 1973. Václav Chvátal akalijibu kwa uthibitisho uliochapishwa mwaka 1975: gawanya idadi ya kona kwa tatu, kinachobaki kitupe. Walinzi wa idadi hiyo wanatosha siku zote, na vipo vyumba ambavyo pungufu ya hapo havilindiki. Kona 12, walinzi 4.

Uthibitisho wa Chvátal ulikuwa sahihi, lakini ulikuwa na vichochoro. Mwaka 1978 Steve Fisk akaja na wake. Ufuate kwenye karatasi yako. Unganisha kona na kona kwa mistari iliyonyooka, bila kutoka nje ya chumba na bila mistari kukatana, mpaka chumba chote kiwe pembetatu tupu. Sasa zipake kona rangi tatu, nyekundu, kijani na njano, kwa namna ambayo kila pembetatu inapata rangi zote tatu. Daima inawezekana. Kona zako ni 12 na rangi ni tatu, kwa hiyo lazima iwepo rangi uliyoitumia mara nne au pungufu. Msimamishe mlinzi kwenye kila kona ya rangi hiyo. Kila pembetatu ina kona moja ya rangi hiyo, kwa hiyo kila pembetatu ina mlinzi anayeiona yote. Na chumba ni pembetatu hizo tu, hakuna kingine. Basi.

Umeuelewa bila ubao, tena ukiwa unakaanga vitunguu. Makala ya Fisk ilichukua ukurasa mmoja wa jarida. Karibu miaka 50 imepita na bado tunaufundisha. Hakuna aliyemuuliza mbona hakuanzia kwa Euclid.

Ukurasa wa 131 wa kijana wangu ulikuwa wa ukoo huohuo. Aliongeza sharti moja: kila mlinzi naye aonekane na mlinzi mwenzake, ili mwizi asimvizie mmoja akiwa peke yake. Wapo waliolishughulikia sharti hilo kabla yake, lakini yeye alichukua vyumba vya aina moja maalumu na kuonyesha kwamba kwa hivyo walinzi wanapungua. Jambo moja, la kwake. Likaenea katika mistari 470.

Yapo pia mambo ya mlangoni, nami nayapita haraka. Ikisiri hutangulia, makala yenyewe hufuata baada ya siku chache. Jina lako huliandiki popote, wala la chuo chako, kwa sababu siku hizi wahakiki hawatakiwi kujua wanamsoma nani. Kwa mtu anayetuma kutoka Dodoma au Eldoret hiyo ni neema: anayekupima hajui kama umetoka Yale au umetoka kwetu. Na makala ileile huruhusiwi kuituma kwenye mikutano miwili kwa wakati mmoja. Subiri jibu la kwanza, kama vile mtu hapeleki posa nyumba mbili usiku mmoja.

Tena mlango si huu mmoja. Kanada wana mkutano wao wa fani hii tangu mwaka 1989, ulioanzia Montreal, wenye makala fupi na ukarimu kwa wanafunzi. Humo huwa kuna kikao ambacho watu wanasimama kutaja maswali yaliyowashinda. Ulaya wana kongamano linalopokea muhtasari mrefu wa kazi, na kwa kuwa halihesabiwi kuwa uchapishaji rasmi, kazi hiyohiyo unaweza kuipeleka kwingine baadaye. Anayeanza anaweza kujaribia huko.

Lipo jambo la saa, na hapa ndipo wengi wetu huchanganyikiwa. Tangazo la mkutano mkuu linasema mwisho wa kutuma ni usiku wa manane, "popote duniani". Maana yake, maadamu kuna mahali duniani ambapo siku hiyo haijaisha, dirisha liko wazi. Mahali pa mwisho duniani siku kuisha ni eneo la saa la visiwa vya Baker na Howland katika bahari ya Pasifiki, visiwa visivyo na mkazi hata mmoja. Sisi tumewatangulia kwa saa 15. Kwa hiyo dakika ya mwisho ya huko, kwa saa zetu za Kiswahili, ni saa nane na dakika 59 mchana wa siku inayofuata.

Siku dirisha hilo lilipokuwa likifungwa, mwezi wa Desemba, kijana alikuwa ofisini kwangu tangu asubuhi. Saa saba mchana umeme ukakatika. Betri ya kompyuta yake ilikuwa na asilimia 31. Akawasha mtandao wa simu yake, bando likaisha. Nikampa simu yangu. Saa nane na nusu akagundua kwamba mchoro wa tatu una jina lake kwenye kona, dogo sana, alilitia alipouchora mara ya kwanza. Akaufungua, akalifuta, akakusanya makala upya. Saa nane na dakika 51 akabonyeza. Kidude kikazunguka, kikazunguka. Kisha ukaingia ujumbe wa kupokelewa. Alikaa kimya kidogo, halafu akaniuliza kama karibu na pale kuna mahali wanauza chipsi.

Wengi hudhani safari imeishia hapo. Ndiyo kwanza inaanza.

Mwezi wa pili jibu likaja. Makala imekataliwa. Pamoja na barua ya kukataliwa kulikuwa na maoni matatu ya wahakiki wasiojulikana. Wa kwanza aliandika mistari mitano ya heshima isiyo na kitu ndani. Wa pili alisema kazi ni nzuri lakini aina ya vyumba ni finyu mno. Wa tatu alikuwa ameisoma. Ukipata mtu aliyekusoma unamjua palepale. Aliorodhesha hata herufi zilizokosewa. Kisha akauliza swali moja: je, kona tatu zikiwa katika mstari mmoja?

Rudi kwenye karatasi yako. Weka mlinzi kwenye kona A. Tazama mpaka kona C, mbali kule. Katikati ipo kona B, imechomoza hadi kuugusa ule mstari wa macho, inaugusa tu, haiukati. Je, mlinzi wa A anamwona mlinzi wa C, au B imemziba?

Waweza kujibu unavyotaka. Wengi katika fani husema anaona, kwa sababu mstari wa macho umeguswa, haukuzuiwa. Wengine husema mapema kabisa kwamba hakuna kona tatu zinazokaa mstari mmoja, ili wasisumbuke nalo. Yote ni halali. La lazima ni kuchagua na kusema umechagua nini. Kijana wangu hakusema. Mbaya zaidi, ukurasa wake wa nne ulihesabu kwamba mlinzi anaona, na ukurasa wa saba ukahesabu kwamba haoni. Ule upungufu wa walinzi aliojivunia ulitokana na ufa huo, angalau sehemu yake.

Nilikuwa nimeisoma makala ile mara nne. Sikuuona. Mwalimu mwenzangu aliisoma mara mbili, naye hakuuona. Tulikuwa tumezoea michoro ya kijana, na katika michoro yake kona tatu hazikuwahi kujipanga. Jicho lililozoea hupita juu ya kosa kama mguu unavyopita kwenye ngazi ya nyumbani gizani. Ilibidi aje mgeni ajikwae.

Kijana alisononeka siku mbili. Siku ya tatu akaanza kushona. Ilimchukua wiki tatu. Alipomaliza, dai lake lilikuwa limepungua: walinzi hawapungui sana kama alivyosema mwanzo, wanapungua kidogo. Lakini hicho kidogo kimesimama kwa miguu yake. Tasnifu yake ilikuwa bado haijajaladiwa, ilikuwa faili tu. Akafungua ukurasa wa 131, akasahihisha, na kurasa kumi na tisa zilizoutegemea akazisahihisha pia. Historia ya Euclid nayo aliipunguza, kwa hiari yake, bila mimi kumwambia.

Hapo ndipo ninapotaka kukufikisha, msikilizaji, hasa wewe unayesoma, au unayemsomesha mtu. Usingoje umalize. Tuma kipande ukiwa bado jikoni, chakula hakijapakuliwa. Chumvi ikizidi jikoni kuna dawa. Ikizidi mezani mbele ya wageni, kilichobaki ni aibu.

Utaniambia mikutano hii ni ya mbali, na ni kweli. Mwaka 2022 ule mkuu ulikuwa Berlin, 2023 Dallas, 2024 Athens, 2025 Kanazawa kule Japani. Nauli ni ya kuuza kiwanja, na viza ina vikwazo vyake. Mwaka 2023 mkutano mmoja mkubwa wa dunia wa taaluma ya kufundisha mashine ulifanyika Kigali, kwa hiyo tumeshaona kwamba milango inaweza kusogea karibu na mwenye nyumba. Huo ni mjadala wa jioni nyingine. Ninachosema leo ni kwamba kutuma, na kusomwa, hakudai nauli. Kusoma za wengine pia ni bure: tangu 2015 makala zote za mkutano mkuu wa fani yetu ziko wazi kwa yeyote mwenye simu na bando. Zisome kumi kabla hujaandika yako. Utajifunza namna wanavyokata.

Kabla sijakuaga, nina la kuungama.

Mimi pia nina tasnifu. Ina gamba la buluu iliyoiva na herufi za dhahabu. Niliiandika yote kwanza, kama nilivyoelekezwa, na makala nikasema nitazitoa nikipata nafasi. Baada ya kupata jibu la yule mhakiki wa tatu, jioni nilipofika nyumbani niliishusha rafuni, nikaipangusa vumbi, nikaanza kuisoma kwa swali lake. Kona tatu zikiwa katika mstari mmoja? Saa nne usiku nikafika ukurasa wa 88. Nilisimama hapo muda mrefu. Mke wangu akaniuliza kama kuna mtu amefariki.

Ufa upo. Upo pale kwa zaidi ya miaka ishirini.  Nilipoitetea nilipongezwa na watu waliofika ukurasa wa ishirini wakaruka hadi hitimisho, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniandikia kuniuliza, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika ukurasa ule, mimi mwenyewe nikiwamo.

Nimeanza kuurekebisha. Nina mistari 212 hadi sasa. Mwaka huu Desemba, saa nane na dakika 59 mchana, nitakuwa nami mezani, jina nimeliondoa, nikimwomba mtu nisiyemjua anitafutie makosa.